Plasta Juu ya Gurudumu

Mtu yule aliingia bila kubisha hodi. Wakati huo Pia alikuwa amepiga goti mbele ya mtoto wa miaka mitatu aliyekataa katakata kutazama kamera. Mama wa mtoto alipiga makofi, akaimba, akatikisa funguo, lakini mwanawe aliinamisha kichwa kama anayehesabu vidole vya miguu yake. Ndipo mlango wa studio ulipojaa mwanamume mrefu aliyetapakaa vumbi la saruji kuanzia kope hadi viatu, kofia ngumu ya njano ikiwa kwapani. Alizitazama kamera zilizo rafuni moja baada ya nyingine, kama mtu anayemtafuta nduguye katika umati.

"Samahanini," alisema. "Hapa kuna mtu anayeweza kupiga picha ya kitu kilicho mbali?"

"Mbali kiasi gani?" Pia aliuliza bila kugeuka, kidole gumba chake kikizungusha gurudumu la kamera kutafuta alama ya mtoto.

Mgeni alikwenda dirishani akasogeza pazia. Juu ya mapaa ya mabati, juu ya matangi ya maji, kreni ya njano ilikuwa imesimama, mkono wake mrefu umenyooshwa angani. "Unakiona kile kichumba cha vioo, juu kabisa? Ndani yake huwa mna nukta."

"Nakiona."

"Basi ile nukta ni mimi. Nikiwa kazini, yaani. Sasa hivi niko hapa."

Mtoto aliinua uso aione nukta inayozungumza. Kamera ya Shangazi, iliyosimama juu ya miguu yake mitatu nyuma ya Pia, ililia mara moja tu: ka. Picha ikawa imepatikana. Pia alikuwa bado anazungusha gurudumu.

"Ahsante, kaka," Shangazi alimwambia mgeni. "Kwa dakika kumi tumemwita mtoto huyu kwa majina yote tunayoyajua."

Pia halikuwa jina la kuzaliwa. Shangazi yake, mwenye studio, ndiye aliyempa, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, msichana hakutulia mahali pamoja. Alizunguka kama pia iliyopigwa kamba. Ya pili, kila alipofundishwa jambo moja alitaka la pili kabla la kwanza halijamkaa kichwani. "Nijaribu na hii pia," ndiyo ilikuwa kauli yake asubuhi na jioni.

Kamera aliyoishika ilikuwa kuukuu, ya lenzi ndefu isiyong'oka. Ukiiwasha, pua yake ilichomoza taratibu kama shingo ya kobe, na ukisukuma kijiti kilicho kando ya kitufe cha kupigia, ilizidi kurefuka hadi ikamvuta karibu ndege aliyetua juu ya mnara. Juu yake palikuwa na gurudumu dogo lenye alama kumi na mbili: mlima kwa ajili ya mandhari, uso kwa picha za watu, mkimbiaji kwa vitu vinavyokwenda mbio, ua kwa vitu vya karibu sana, nyota iliyopasuka kwa fataki za usiku, kisha herufi kadhaa ambazo Pia alizijua nusu na kuziogopa nusu. Gurudumu hilo lilikuwa raha yake na mateso yake. Kila alama ilimwita. Akiwa kwenye mlima alihisi pengine uso ungefaa zaidi. Akifika kwenye uso alimwonea huruma mkimbiaji.

Kamera ya Shangazi nayo ilikuwa na gurudumu, lakini lilikuwa halionekani. Lilifunikwa plasta ya kidonda, ile ya kahawia, miaka mingi sasa. Mteja akiuliza, Shangazi alijibu, "Hapa ndipo nilipopona."

Mtoto na mama yake walipoondoka, mgeni alikaa kwenye kiti cha wateja, akaona vumbi linamwagika, akasimama tena. Alieleza shida yake akiwa wima.

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho kule juu. Jengo limekwisha. Saa nane mchana kreni inazimwa, tunaanza kuifungua vipande. Na keshokutwa alfajiri mama yangu anapasuliwa jicho. Moja lilishakufa. Hili lililobaki linaona kitu kikubwa tu, kikiwa karibu, tena mchana, dirishani. Daktari ni mkweli: amesema huenda akaamka anaona, na huenda akaamka haoni kabisa."

"Pole, kaka," Shangazi alisema.

"Nimeshapoa. Tatizo ni hili: miaka tisa ananiuliza, wewe mwanangu unafanya kazi gani? Nikimwambia naendesha kreni, anasema, kreni ni gari gani lisilokwenda? Mwaka jana nilimleta hadi getini, nikampandia huko juu, nikampungia mikono yote miwili. Niliposhuka akaniambia, mwanangu, nimeona mbingu tu." Aligeuza kofia mikononi. "Nataka amwone mwanawe kazini. Uso uonekane, na mikono. Picha kubwa, ya kuwekwa puani."

Walipanga. Saa nne kamili, wakati wa chai, msimamizi wa ujenzi alikuwa amemruhusu atoke kwenye kichumba asimame kwenye ubaraza wa chuma kwa dakika moja, na asiongeze hata pumzi. Pia angekuwa juu ya paa la jengo la ghorofa nne lililo ng'ambo ya barabara. Na kwa kuwa mwendesha kreni angeshinda na mafundi hadi magharibi, picha ilibidi ipelekwe na mwingine.

"Mpelekee wewe, dada. Nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha magodoro, mlango wa bluu. Jua linakaa dirishani kwake mpaka saa kumi na moja hivi. Likishatoka, hata umpe picha ya ukubwa wa ukuta, haoni kitu. Nenda mwenyewe umweleze, maana asipoelezwa ataona rangi tu."

"Nitampelekea," Pia alisema. "Kesho hiyohiyo, mkononi mwake."

Alisema upesi, kama alivyosema kila kitu. Mwendesha kreni alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaacha alama za vidole vya saruji juu ya ngozi yake, akaenda zake.

"Umesikia ulichosema?" Shangazi aliuliza.

"Nimesikia. Saa nne napiga, saa tano nasafisha picha, saa sita niko kwa huyo bibi, saa nane niko kwenye usaili. Siku imepangika kama meno."

Usaili huo ndio uliokuwa ukimkosesha usingizi wiki nzima. Kampuni moja ya matangazo, ng'ambo ya mji, ilitafuta mpiga picha mmoja tu. Pia alikwisha kuchungulia chumba chao cha kazi kupitia kioo cha mlango: taa zilizosimama kama twiga, kamera nyeusi zenye lenzi za kubadilisha, nene kama mapaja. Tangu siku ile kamera kuukuu ilimchoma mkononi. "Shangazi, ningekuwa na zile, ungeniona mimi ni nani," alizoea kusema. Naye Shangazi alizoea kumjibu kwa maneno manne: "Mchagua jembe si mkulima."

Jioni hiyo hakumwambia methali. Alimwita mezani akamwekea kamera mbele. "Kitu kikiwa mbali, usianze kwa kuvuta. Ukianza kuvuta utapotea angani. Rudisha kwanza, umwone akiwa mdogo, umweke katikati, ndipo uvute polepole. Bonyeza nusu, ngoja mlio, malizia. Na uwashe ile saa ya sekunde mbili, kamera ijipigie yenyewe, mkono wako usiitikise. Chagua alama moja ubaki nayo."

"Najua, Shangazi."

"Unajua kama mtu anayejua jina la mji ambao hajafika."

Kesho yake Pia alipanda ngazi za jengo lile akiwa amevaa tayari kwa usaili: shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na viatu vipya. Viatu vilimng'ata. Kabla hajafika ghorofa ya pili kisigino cha kulia kilikuwa kimechubuka, akabandika plasta aliyoiweka mfukoni kwa tahadhari, akaendelea kupanda akichechemea.

Juu ya paa alimkuta dobi, mama mnene mwenye vibanio vya nguo mdomoni, akianika mashuka. Dobi alimtazama Pia, akaitazama kamera, akatoa kibanio kimoja ili apate nafasi ya kusema.

"Unamvizia mume wa nani?"

"Namvizia mtu wa kreni, mama. Nampiga picha."

"Ndivyo mnavyosema wote," dobi alijibu, akarudisha kibanio.

Saa nne ilipofika, mlango wa kichumba cha vioo ulifunguka na mtu akatokea. Pia aliinua kamera na mara ileile akavuta hadi mwisho. Skrini ikajaa bluu. Mbingu. Akasogeza kushoto: mbingu. Kulia: kamba ya chuma, kisha mbingu. Akakumbuka, akarudisha, akamwona, akamweka katikati, akavuta. Nukta ikawa mtu. Alikuwa na magoti, alikuwa na mkanda wa usalama, alikuwa akitabasamu kama anayepigwa picha ya harusi. Pia akabonyeza nusu. Kamera ikalia: tii. Yote yaliyotakiwa yalikuwa mle ndani.

Lakini uso ulionekana mweusi kidogo kwa sababu ya anga iliyokuwa nyuma yake. Pengine alama ya uso ingefaa. Kidole gumba kikazungusha. Alipotazama tena, mwendesha kreni alikuwa ameanza kupunga mkono, na kitu kinachotembea si kinataka alama ya mkimbiaji? Kikazungusha tena. Akabonyeza, na kamera ikafyatua picha mfululizo, ta-ta-ta-ta-ta, kumi, ishirini, huku mkono wa Pia ukitetemeka. Na kwa umbali ule, mkono ukitetemeka unene wa uzi, kule juu ni hatua nzima. Kisha kamera ikagoma. Taa nyekundu ikapepesa. Ilikuwa ikizimeza picha zote zile kuziweka kwenye kadi, na isingepiga nyingine kabla haijameza.

"Meza," Pia aliinong'oneza. "Meza haraka, tafadhali."

Ilipomaliza, jua lilikuwa limepiga skrini hata hakionekani kitu. Akazungusha gurudumu akitafuta chochote chenye jua. Akaona alama yenye miale, akajiambia hii ndiyo ya jua kali, akabonyeza. Kamera ilikaa kimya muda mrefu kabla ya kulia. Akabonyeza tena. Kimya tena. Alipoinua macho, mlango wa kichumba ulikuwa ukifungwa. Dakika imekwisha. Kule juu mkono mmoja ulitokea dirishani ukamwonyesha dole gumba, maana yake: ahsante, kazi imekwisha.

Pia alijificha chini ya shuka lililoanikwa ili aone picha vizuri. Zilikuwa arobaini na moja. Palikuwa na kreni nzima, aliyoipiga ya majaribio kabla ya saa nne, mtu akiwa nukta. Palikuwa na mbingu. Palikuwa na kamba, mkono wa shati, nusu ya kofia, na kofia mbili zilizoungana. Za mwisho zilikuwa nyeupe pee, kama uji uliomwagika. Alama yenye miale haikuwa ya jua. Ilikuwa ile nyota ya fataki, inayoacha jicho la kamera wazi sekunde nzimanzima ili linywe mwanga wa usiku. Nalo lilikuwa limekunywa mwanga wa saa nne asubuhi.

Alishuka ngazi mbio, viatu vikimng'ata, hadi getini. Msimamizi alimsikiliza huku akikoroga chai.

"Dakika niliyotoa nimeshaitoa, binti. Juu kule si barazani kwa mtu."

"Basi nipigie simu nizungumze naye."

"Akiwa juu simu inabaki kwangu. Hii hapa." Aliigonga mfukoni. "Hata chakula anapandishiwa kwa ndoo."

Pia alirudi paani. Hakujua kwa nini alirudi paani. Alizunguka tangi la maji mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia, ndipo akampigia shangazi yake.

"Shangazi, nimeharibu."

"Zote?"

"Arobaini na moja. Kuna moja nzuri, kreni nzima inaonekana. Yeye ni nukta lakini nikiikuza..."

"Mama yake ameshaonyeshwa nukta. Alipelekwa hadi getini."

"Ningekuwa na kamera ya maana, Shangazi..."

"Pia."

"Naam."

"Usaili wako ni saa ngapi?"

"Saa nane. Saa saba niwe nimeondoka hapa. Atakayechelewa hafunguliwi mlango."

"Na kreni inazimwa saa ngapi?"

"Saa nane."

Kwenye simu ilisikika sauti ya mteja akiuliza kama picha za pasipoti zitatoka leo. "Nataka uupate huo usaili," Shangazi alisema hatimaye. "Usije ukasema shangazi alinizuia. Lakini hukunipigia kuniuliza habari za usaili." Akakata, kwa kuwa mteja alikuwa akingoja.

Pia alikaa juu ya ukuta mfupi wa paa. Angeweza kwenda. Angempelekea bibi yule picha ya kreni nzima na kumwambia, mwanao ndiye huyu hapa, akiweka kidole kwenye nukta. Mwanamke asiyeona angebisha nini? Angeshukuru hata. Na hilo ndilo lililomchoma Pia kuliko viatu: kwamba angeshukuru.

Alivua kiatu cha kulia. Plasta ilikuwa imejikunja, imeanza kubanduka. Aliitazama. Kisha akaibandua yote, akaishika kamera, akalipeleka gurudumu kwenye herufi P, ile inayoiachia kamera hesabu za mwanga na kumwachia mpigaji kazi ya kutazama. Akaongeza mwanga kidogo ili uso usiwe mweusi. Akawasha saa ya sekunde mbili. Halafu akabandika plasta juu ya gurudumu, akaikandamiza kwa nguvu, joto la kisigino bado likiwa ndani yake.

"Na hiyo ni dawa ya nini?" dobi aliuliza.

"Ya kidole gumba, mama."

Dobi hakuelewa, lakini alielewa kwamba mtu amekata shauri. Alimletea furushi la mashuka makavu, akaliweka juu ya ukuta. "Laza hiyo pua yake hapa. Ukishika kitu hewani toka sasa mpaka mchana, utaangusha mkono wako barabarani."

Pia alilaza lenzi juu ya furushi. Alirudisha, akakiona kichumba, akakiweka katikati, akavuta polepole. Vioo vilijaa vumbi na taswira za mawingu. Nyuma ya mawingu hayo kivuli cha mtu kilikuwa kikivuta na kusukuma vyuma vyake. Hapakuwa na uso. Alingoja.

Kungoja kulimtesa. Saa tano ikapita. Saa sita jua likasimama utosini, shati jeupe likamganda mgongoni. Ndoo ya chakula ilipanda, ndoo ikashuka. Mara kwa mara kidole gumba kiliondoka chenyewe kwenda kuzungusha gurudumu, kikakutana na plasta, kikarudi kwa aibu kama mtoto aliyekutwa jikoni. Baada ya muda alianza kuona mambo ambayo hakuwahi kukaa mahali muda wa kutosha kuyaona. Aliona kwamba kabla mzigo haujainuliwa, kivuli kile huinama mbele. Aliona kwamba mawingu kwenye vioo yalikuwa yakihama kadiri jua lilivyohama, na kwamba upande wa kushoto ulianza kupata mwanga.

Saa saba ilifika. Aliiona ikifika kwenye simu yake. Akasimama, akaokota kiatu, akakishika mkononi. Ukumbini kule ng'ambo ya mji wenzake sasa walikuwa wakipanga mstari, na kamera zile nyeusi zilikuwa zimewekwa mezani, kila mmoja na yake. Alisimama hivyo hadi ikawa saa saba na robo. Kisha akakiweka kiatu chini, akakaa.

"Ulikuwa unakwenda mahali?" dobi aliuliza.

"Nilikuwa."

Saa nane kasoro dakika kumi mkono wa kreni ulishusha mzigo wa mwisho, ukageuka taratibu, ukatulia. Pia aliinama juu ya furushi. Kivuli ndani ya kichumba kilisimama, kikajinyoosha, kikainama kuokota kitu. Kisha, jambo ambalo hakulitarajia: dirisha la mbele likafunguliwa kwa nje. Mwendesha kreni akatoa kichwa, bega na mkono, na mkononi alikuwa na kitambaa. Akaanza kufuta kioo.

Kreni ilikuwa inazimwa. Baada ya saa moja kichumba kile kingekuwa chini, kinalazwa kwenye lori. Lakini yeye alifuta kioo, kona kwa kona, kama aliyefanya hivyo kila siku kwa miaka tisa na haoni kwa nini leo iwe tofauti. Jua la mchana lilimpiga shavuni. Hakujua kuna mtu anayemtazama. Uso wake haukutabasamu. Ulikuwa kazini.

Pia alibonyeza nusu. Tii. Akamalizia. Na sekunde mbili zikaanza.

Katika maisha yake hakuwahi kukaa ndani ya sekunde mbili. Alizivuka tu. Sasa alikaa ndani yake mikono ikiwa mbali na kamera, pumzi imekatwa, hana la kuzungusha wala la kubadilisha, akitazama tu kitambaa kikipanda na kushuka. Ka. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu. Dirisha likafungwa. Honi ya kampuni ya ujenzi ikalia saa nane.

Studio ilikuwa na foleni aliporudi. Shangazi alitoa kadi kwenye kamera bila kuuliza, akaangalia gurudumu, akaiona plasta. Alisafisha picha ya pili katika zile tatu, kubwa kama sinia, akaishika mbele ya mwanga muda mrefu kuliko alivyowahi kushika picha ya mtu asiye jamaa yake. Kisha akafungua droo akatoa plasta mpya.

"Ya kisigino," alisema. "Nenda. Saa kumi inakaribia."

Nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha magodoro. Mlango wa bluu. Pia alipiga hodi viatu vikiwa mkononi.

"Ingia, hapajafungwa," sauti ilijibu. "Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani hutakuja. Limebaki kiganja kimoja."

Mama wa mwendesha kreni alikuwa ameketi ubavuni mwa dirisha, kiganja chake kimewekwa juu ya kizingiti akipima ukanda wa jua uliobaki. Begi dogo la hospitali lilikuwa tayari miguuni. Aliipokea picha kwa mikono miwili, akaileta usoni hadi pua ikakaribia kugusa karatasi, akaanza kulipitisha jicho lake moja juu yake, polepole, kama mtu anayesoma kwa kunusa.

"Hii nyeupe?"

"Mbingu, mama."

"Naijua hiyo. Nilishaonyeshwa. Na hiki?"

"Dirisha la kreni. Limefunguliwa kwa nje. Huyo anayetokeza ni yeye. Chini yake kuna ghorofa kumi na nane."

"Usinitajie chini yake." Jicho lilisogea, likasimama. Pia alihisi kidole gumba kikimwasha kwa wasiwasi. "Mkono gani huu?"

Pia aliangalia. "Wa kushoto."

"Mwongo yule," mama alisema taratibu. "Mwongo mkubwa. Mwalimu alimchapa kwa sababu ya kuutumia huo mkono, na mimi, Mungu anisamehe, nilimfunga kitambaa asiutumie. Akaja siku moja akaniambia, mama, nimeuacha, siku hizi natumia wa kulia. Miaka yote hii mbele yangu anakula kwa wa kulia." Mabega yake yalianza kutikisika, na Pia aliogopa, kisha akaona kwamba anacheka. "Na ulimi ameuuma?"

"Ameuuma kidogo, pembeni."

"Hivyohivyo alivyokuwa akifua soksi zake." Alijifuta jicho kwa ncha ya khanga, upesi, kwa kuwa jua lilikuwa halimngoji. "Kwa hiyo kazi yake ni kufuta vioo?"

"Hapana, mama. Anainua vyuma, saruji, matofali. Jengo zima lile limepita mkononi mwake. Kioo hufuta akimaliza, atakayekuja baada yake akute pasafi."

"Hilo nilimfundisha mimi," mama alisema, na akaiweka tena picha usoni.

Simu ya Pia ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa mstari mmoja: jina lake lilikuwa limeitwa mara mbili, hakuwepo, na nafasi imepata mtu. Aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni.

"Kuna tatizo?" mama aliuliza bila kuinua uso.

"Halipo tena, mama."

"Basi nielezee upya, tangu mwanzo. Limebaki la vidole viwili."

Pia alikaa sakafuni karibu na kiti akaeleza upya, tangu kofia hadi kitambaa, bila kuruka kona hata moja ya kioo, hadi ukanda wa jua ukawa wa kidole kimoja, ukawa uzi, ukatoka dirishani. Kamera kuukuu ilikuwa mapajani mwake, plasta juu ya gurudumu, na kidole gumba chake kimetulia juu ya plasta. Zile kamera za ng'ambo ya mji zilikuwa nzuri, hakuna wa kubisha, na huenda siku moja angezishika. Lakini shamba la siku ile lilikuwa hapa, na lilikuwa limelimwa. Waliosema walisema kweli: mchagua jembe si mkulima.